Boti Niliyoinywea Kabla ya Kuikagua

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa naacha jembe na kusimama. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, mwaka 2013, kwenye kivuko cha Mto Malagarasi. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Katika umri huo mtu hudhani makosa ya ujana ameshayamaliza, kumbe langu kubwa lilikuwa bado.

Nilikaa Kitahana, huku Kibondo, nikilima maharage na mihogo kama wenzangu. Kila nilipokwenda mtoni niliwaona watu na magunia yao wakisubiri kuvushwa, na wenye boti hawana muda hata wa kula. Nikaingiwa na hamu. Nikasikia kwamba bwana mmoja wa pale kivukoni, Zakaria, anauza boti yake ya mbao, kuukuu, inayohitaji matengenezo kidogo. Neno hilo "kidogo" lilikuwa lake, nami nilifurahi kuliamini.

Cha kununulia kilikuwa ng'ombe watatu waliolala zizini kwangu. Nakuambia mapema, hawakuwa wangu. Baba alipokuwa karibu kufa aliniita, akasema hao ni mahari ya mdogo wangu Gervas, mimi niwatunze tu. Na Gervas, ambaye wakati huo alifanya vibarua mbali na nyumbani, alikuwa tayari na mchumba, binti wa Kumsenga, na wazee wa binti walishaahidiwa ng'ombe hao baada ya mavuno yatakayofuata. Nikajiambia kwamba boti itafanya kazi msimu mmoja wa mvua, nitanunua ng'ombe wengine, wala Gervas hatajua kilichopita. Sikumwambia neno.

Nilijua boti siijui. Sisi ni watu wa milimani. Kwa hiyo nilimwomba rafiki yangu, Fundi Nestori, atoke Kasulu twende pamoja. Nestori alizaliwa Burundi, kando ya ziwa. Wazazi wake walikimbia naye kuja huku akiwa mtoto, na wakati huo alikuwa ameshakuwa raia kama mimi. Pale Kasulu mjini alitengeneza vitanda na milango, lakini ufundi aliorithi kwa baba yake ulikuwa wa boti.

Tulifika asubuhi. Zakaria alitupokea kwa heshima nyingi, akatukalisha barazani, akaleta pombe ya ndizi kwenye kibuyu, na jirani yake mmoja akaja kuwa shahidi. Desturi yetu Waha unaijua. Pombe ya mapatano hunywewa mali ikishaonwa na bei ikishakubaliwa; ukishaionja mbele ya shahidi, umenunua, na kurudi nyuma ni kujidhalilisha. Zakaria aliileta kabla ya yote hayo. Nami, kwa kiu ya safari na kwa kuogopa kuonekana sina adabu, nikapokea.

"Fundi wako hanywi?" Zakaria aliniuliza.

"Huyo ni mlokole," nikasema.

"Basi anuse. Kunusa si dhambi."

Tukacheka. Nestori hakucheka wala hakununa. Aliomba kuiona boti, akateremka mtoni peke yake. Mimi nilibaki barazani, nikakubali bei, nikanywa mara ya pili.

Aliporudi magoti yake yalikuwa na tope, na mkononi ameshika kisu cha kukunja.

"Boti zote ziko majini zinafanya kazi," alisema. "Hii tu imelala nchi kavu, kifudifudi, imepakwa lami mpya. Nimeikuna hiyo lami, kisu kikaingia mpaka kwenye mpini. Hii si boti, ni kapu lililopakwa lami."

"Kapu hilo limevusha padri na pikipiki yake," Zakaria akajibu.

"Lini?"

Zakaria akamtazama shahidi. Shahidi akatazama kibuyu.

"Tuishushe majini ikae mpaka jioni," Nestori akasema. "Isipovuja, nitaomba radhi mimi mwenyewe."

"Kwani mwenzako hajanywa?" Zakaria akauliza kwa upole.

Nestori akaniinamia. "Ndugu yangu, waombe msamaha twende zetu. Aibu yenyewe itaishia pale barabarani. Mbavu za boti zimeoza, msumari hautashika popote."

Hapo ndipo ningeweza kuinuka. Nilichohitaji ni kuinuka tu. Badala yake niliona watu wawili wananitazama, nikasema: "Fundi, mapatano ya Waha waachie Waha. Wewe mkimbizi umeyajulia wapi?"

Alikifuta kisu kwenye suruali, akakikunja, akaenda barabarani kutafuta usafiri. Hatukurudi pamoja.

Ng'ombe wawili walinunua boti. Mvua za kwanza zilipoanza tukaiweka mtoni, na kabla ya saa sita mchana maji yalikuwa yamefika kwenye mabenchi. Nikatafuta fundi mwingine. Alibandua ubao mmoja uliooza, akakuta wa pili hauna nguvu ya kuushika ubao mpya, akaubandua na huo. Ng'ombe wa tatu akaenda kwa mbao na misumari. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata boti ilipasuka ikiwa na magunia manne ya maharage ya watu. Namshukuru Mungu kwamba ilikuwa karibu na ukingo, na kila aliyekuwamo alitoka akitembea.

Wazee wa Kumsenga walikuja baada ya mavuno, kama walivyoahidiwa. Waliketi, wakalitazama zizi tupu, wakauliza. Gervas, aliyekuwa amerudi kwa ajili yao, alinigeukia mimi, kwa sababu na yeye alikuwa anauliza. Nilisema yote mbele yao, maana hapakuwa na mahali pa kuyaficha. Hawakutukana. Waliaga vizuri, na kabla mwaka 2014 haujaisha binti alikuwa ameolewa kwingine.

Siku Gervas alipoondoka kwenda kulima tumbaku mkoani Tabora nilimsindikiza mpaka stendi. Nilitamani anigombeze. Alisema jambo moja tu: "Kaka, ungeniuliza. Huenda ningekubali, tukapoteza pamoja." Hajaoa mpaka leo.

Nilikwenda Kasulu kumwomba radhi Nestori. Nilimkuta anapiga randa, akaniwekea kigoda, akaagiza chai. Nikasema niliyokuja kusema. Aliisukuma randa mpaka ikafika mwisho wa ubao.

"Neno lile nimeshalizoea," alisema. "Sikuwa nimelizoea kutoka kwako."

Tulikunywa chai. Bado tunasalimiana, tunatembeleana kwenye misiba. Lakini tangu siku ile nikimwomba ushauri hunijibu, "Wewe unaonaje?" na hapo huishia.

Mwanangu, huenda unataka kununua pikipiki iliyokwishatumika, au kiwanja, au ng'ombe. Usikubali kukirimiwa kabla hujakagua, hata kama mwenyeji atanuna, maana ukarimu mwingine umewekwa pale kukufunga mdomo. Na ukigundua umekosea, inuka wakati huohuo. Watu watakucheka jioni moja, kesho wana mambo yao. Mali uliyoachiwa uitunze, usiiguse kabla hujamuuliza mwenyewe, kwa kuwa kumficha kunauma kuliko hasara. Na mtu akikuambia ukweli mbele za watu, mjibu kwa alichosema. Ukimjibu kwa kule alikotoka, utakuwa umemfukuza, na ukweli wake utabaki nawe nyumbani.

Mimi nimechelewa kuyajua haya. Wewe Mungu akuzungushie watu wenye ujasiri wa kukukatalia, akupe moyo wa kuwasikia wangali wanasema nawe, na ndugu zako wakae karibu nawe mpaka uzeeni. Amina.