Simu Katika Nyumba ya Kizuka

Mpaka leo simu ikilia nyumbani kwangu siinyanyui upesi. Wajukuu zangu hunicheka. "Bibi, simu haiumi," husema. Wao haijawauma. Mimi imeniuma, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Simu yetu ililetwa na kazi ya baba. Katika miaka ya hamsini alikuwa msimamizi wa wapakuzi wa meli bandarini, na kwa kuwa meli hazina adabu ya saa, wakubwa zake walimtilia simu ili wamwite wakati wowote. Waliiweka juu ukumbini, mlangoni mwa chumba chake cha kulala. Ilikuwa nyeusi na nzito, na mama aliitandikia kimeza chake kitambaa cha kufuma kama anayemtandikia bwana harusi. Pale mtaani kwetu Malindi hapakuwa na nyingine ila ya tajiri mmoja wa karafuu, na wenzangu walikuja kuitazama tu, wakaondoka wameridhika.

Kisha baba akashikwa na homa, na haikumwacha. Mama akakaa eda.

Kwa wale wasioijua eda ya zamani, nieleze kidogo. Sheria inamtaka mjane asubiri miezi minne na siku kumi, asijipambe wala asiposwe. Wazee wetu wakaongeza yao juu ya ya sheria: asijitazame kiooni, avae nguo nyeupe zisizo na urembo, na mwanamume asiye maharimu yake, yaani anayeweza kumwoa, asimwone wala asisikie sauti yake. Mwanamke aliye katika hali hiyo tulimwita kizuka. Bibi yangu, mama yake mama, alihamia kwetu kutoka Bwejuu kuja kumlinda, na kulinda alikujua. Hata muuza maziwa alikatazwa kupiga hodi kwa sauti kubwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na mdogo wangu wa kike alikuwa na minne.

Huyo mdogo wangu ndiye aliyekuwa akigombewa. Shangazi yetu, dada yake baba, hakujaaliwa mtoto. Mwaka ule ule alikuwa ameolewa mara ya pili na karani wa ofisi moja ya serikali, mtu mgeni kwetu. Nyumba yetu ilipobaki ya wanawake peke yao, mume huyo hakupita baraza ya chini. Mimi nilimpa "Shikamoo" yake nikiwa mbioni, naye akaninyanyulia mkono. Mama na Bibi hawakupata kumsikia hata akikohoa.

Shangazi alimpenda mdogo wangu, na katika hilo sitamsingizia. Baba alipokuwa hai, shangazi alimwomba ampe amlee, maana kwetu si ajabu mtu kumpa dada yake mtoto. Baba akacheka, akasema tungoje kwanza akue. Baba alipofariki, ombi likarudi kabla matanga hayajaanuliwa. Mama akakataa. Alisema mtoto hatoki mikononi mwake, na Baba mkubwa, kaka yake baba, mwenye kauli katika ukoo wao, akamuunga mkono.

"Mtoto mdogo ni wa mamake," alimwambia shangazi, "madhali mama mtu hana doa."

Hayo aliyasema mbele yetu sote. Shangazi aliinamisha kichwa, akasema, "Haya, kaka."

Haikupita wiki, simu ikaanza.

Mwanzo ilikuwa kimya. Nanyanyua mkono wa simu, nasikia pumzi, basi. Nikadhani ni mtu wa bandarini ambaye hajapata habari ya msiba na sasa anaona haya. Siku moja zile pumzi zikasema. Ilikuwa sauti ya kiume, nzito, ya taratibu, kama ya mtu aliyejifunga kitambaa mdomoni.

"Kizuka hajambo?"

Niliweka chini kama niliyeshika kaa la moto. Bibi aliposikia aliruka. "Kizuka anasalimiwa na nani? Na shetani?" Akaleta chetezo, akaifukiza ile simu ubani pande zote mpaka ukumbi ukajaa moshi na mimi nikapaliwa. Nilicheka siku ile. Ndiyo mara ya mwisho kukicheka kile chombo.

Mtu atauliza kwa nini hatukuing'oa. Kuing'oa kulitaka fundi, na fundi ni mwanamume, na simu iko mlangoni mwa chumba anacholala kizuka. Bibi alisema haingii mwanamume humo mpaka eda iishe, hata kama chombo chenyewe kitawaka moto. Tukajaribu kuuacha mkono wa simu pembeni ili isilie. Watu wa simu wakaona huko kwao kwamba ina kasoro, na kesho yake fundi huyo, na mkoba wake, anabisha hodi. Bibi alimfukuza kwa maneno ambayo sitayaandika. Tukaurudisha mahali pake, nayo ikaendelea kulia.

Basi Bibi akaweka amri: ikilia nishike mimi, nisikilize, niweke. Nisiseme neno. "Sauti ya kike isitoke nyumba hii," alisema. Na yule mtu akafurahi, maana sasa alikuwa na msikilizaji asiyemjibu. "Leo kizuka kalia?" huuliza. "Mwambie nyeupe inampendeza." Au hutaja chakula tulichopika mchana, na ndicho hasa tulichopika. Bibi nilimweleza kila kitu. Akatazama ngazi wanazopandia wageni wetu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema.

Mama naye kila simu ilipokatika aliniita kitandani kwake. "Kasema nini?" Nami namwambia kakosea nambari. Hakuniamini, ila hakunibana. Simu ilipolia alijifunika mto kichwani. Alikonda mpaka bangili, kama angeruhusiwa kuvaa, zisingemkaa mkononi. Nilimchukia yule mtu kwa chuki ambayo mtoto hapaswi kuijua. Nilikaa nikifikiri namna ya kumuua kwa kupitia ule waya.

Jioni moja, baada ya alasiri, shangazi alikuja kama kawaida yake, akaomba amchukue mdogo wangu Forodhani akapunge upepo. Mama alisita. Mtoto alikuwa hajatoka siku nyingi, na alishaanza kulia kwa kutaka kwenda. Akamruhusu. Wakashuka, mtoto anaruka ngazi mbili mbili.

Magharibi ilikaribia. Bibi alikuwa chini bombani anatawadha. Simu ikalia, nikashika, nikangoja upuuzi wake. Safari hii ile sauti ilikuwa ya haraka.

"Mtoto wenu kaanguka baharini Forodhani. Mimi sisemi na kitoto. Nimpate mamake."

Nilipiga ukelele. Sikumbuki kumwita mama, nakumbuka tu kwamba alikuwa ameshafika, miguu chini, nywele wazi, na kwamba mkono wa simu ulitoka mkononi mwangu ukaingia wake. Wala sijutii. Mtu akiambiwa mwanawe anazama, amri ya bibi ni kitu gani?

"Yu hai?" mama alisema. "Niambie, mwanangu yu hai? Nitakupa unalotaka! Niambie tu yu hai!"

Nilikuwa nimemng'ang'ania, kichwa changu kimegusa chake, na sikio langu lilisikia alilosikia yeye. Kimya. Pumzi zile zile. Yule mtu alimwacha mama arudie maneno yale mara ya pili, kisha akasema taratibu, kama mtu aliyeshiba, "Yu hai." Akakata.

Mama alizielekea ngazi. Bibi, aliyepanda mbio kwa ukelele wangu, akamkinga mlangoni pa ngazi, mikono inachuruzika maji ya udhu, mmoja anasukuma kutoka na mwingine anasukuma kurudisha, wote wawili wanalia. Hapo ndipo tuliposikia hodi. Shangazi alipanda, na mdogo wangu anamfuata, nguo kavu, kashata mkononi, anasimulia habari ya paka aliyemwona.

Shangazi alimwona wifi yake, kizuka, amesimama juu ya ngazi nywele wazi, uso umelowa machozi. Hakuuliza kuna nini. Mambo ya siku ile nimeyapitia mara nyingi akilini, na hili ndilo ninalolirudia kila mara. Hakuuliza.

Baba mkubwa alikuja Jumapili. Tulimfungia pazia ukumbini, naye akakaa upande wa ngazini na shangazi pembeni yake. Sisi tulikaa ndani. Mama alisema kwa kumnong'oneza Bibi, na Bibi ndiye aliyetoa maneno nje, maana hata shemegi ni mwanamume.

Baba mkubwa alianza kwa kukohoa. Alisema imemfikia habari nzito: kwamba mke wa marehemu ndugu yake, naye yumo ndani ya eda, kasikika kwenye simu akimwambia mwanamume, "Nitakupa unalotaka." Je, kweli hayo kayasema?

Mama alifunga macho. Kusema hapana ni uongo. Kusema ndiyo ni kujitia kitanzi. Alinong'ona, na Bibi akatoa sauti.

"Anasema ndiyo, kayasema. Kaambiwa mwanawe kazama."

Kisha Bibi akaongeza yake. "Na weye, mwanangu," alimwita shangazi, "hayo maneno kakwambia nani?"

"Mji hauna siri, Bibi," shangazi alijibu. "Simu zina watu katikati, wanasikiliza."

"Ahaa. Hao watu wa katikati wamesikia 'nitakupa unalotaka'. Mbona hawakusikia 'mwanangu yu hai'?"

Nilichungulia pembeni mwa pazia. Shangazi alikuwa anakunja na kukunjua pembe ya buibui yake, na Baba mkubwa anaitazama ile pembe. Alielewa. Mzee yule hakuwa mjinga, na namwekea kinyongo mpaka leo kwa sababu hakuwa mjinga.

"Sisi hatukuja kutafuta nani kasema nini," alisema hatimaye. "Funika kombe mwanaharamu apite. Ama mtoto akae na shangazi yake, na hili liishie hapa. Ama twende kwa kadhi, likasemwe lote huko, mbele za watu."

"Twende!" Bibi alisema. "Nshasema, twende hata sasa hivi!"

Nilipokuwa mtu mzima niliwauliza wanaoijua dini. Wote waliniambia jambo moja: dharura haina lawama, na kwa kadhi mama angeshinda. Lakini mama hakuwa anafikiri kushinda. Alikuwa anayasikia maneno yake mwenyewe yakisomwa katika chumba kilichojaa wanaume, kisha yakibebwa Darajani, sokoni, msikitini alikosali baba. Alimshika Bibi mkono, akanong'ona kitu kifupi. Bibi alikataa kukisema. Mama akanong'ona tena. Bibi akakitoa huku anatweta.

"Anasema mchukueni."

Mdogo wangu aliondoka siku hiyo hiyo na kimkoba cha ukili, anatupungia mkono, maana alidhani anakwenda tena Forodhani.

Eda ikaisha. Mama alioshwa, akatolewa, wanawake wakamtia udi, na fundi wa simu akaja na mkoba wake, sasa kwa ruhusa. Mama akamrudisha bila simu kuguswa. Mume wa shangazi alikuwa amehamishiwa ofisi ya shamba, upande wa kaskazini, na ofisi hiyo ilikuwa na simu. Baba mkubwa, nadhani kwa kusutwa na moyo wake, alikuwa amepanga kwamba kila Ijumaa baada ya sala mtoto azungumze na mamake. Akaiandikisha simu yetu kwa jina lake, ikabaki.

Ijumaa ya kwanza tulikaa sote watatu kuizunguka, Bibi, mama na mimi. Ikalia. Nikashika.

"Assalaam alaykum," ilisema sauti ya mwanamume. "Nimpate mamake."

Haikuwa na kitambaa mdomoni safari hii. Haikuhitaji tena. Nilimtazama mama, na nilitaka kukata, ila alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikampa. Alisikiliza, na nikaona uso wake unabadilika, kidogo kidogo, mpaka nikajua kwamba na yeye amemtambua.

"Yu hai?" aliuliza.

Huko upande wa pili kulikuwa kimya. Pumzi. Kisha nikasikia kijisauti chembamba kinaita, "Mama!" na mama akaanza kucheka na kulia pamoja, akauliza kama anakula, kama anasukwa nywele, kama paka wa huko ni wakubwa. Walisema kwa muda mfupi. Mtoto alipoondolewa, yule mtu akarudi kwenye simu kuaga.

Bibi alikuwa ameshasimama. Alitaka apewe yeye, amwambie. Mama alimzuia kwa kiganja.

"Ahsante, shemegi," alisema, kwa sauti nzuri kabisa, sauti ya kumkaribisha mgeni. "Allah akulipe kheri. Ijumaa ijayo usitusahau."

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nilikuwa nikiusikia msemo huo tangu utotoni, na sikupata kumwona mtu akiubusu mpaka siku ile. Mama aliubusu kila Ijumaa, miaka na miaka, mpaka mdogo wangu akawa msichana mkubwa mwenye maneno machache ya kutuambia. Kila alipomaliza aliuweka mkono wa simu mahali pake, akakinyoosha kile kitambaa cha kufuma, akashuka bombani kusukutua mdomo.