Mwisho wa Picha Niliouzua

Zamani hizo nilikuwa mkalimani wa picha katika banda moja la video la Madungu, na Kiingereza changu kilikuwa cha kujitetea tu. Nalisema hilo mapema ili nisionekane nimelificha. Kazi ilikuwa kusimama kando ya televisheni na kipaza sauti. Mzungu akisema sentensi moja, mimi naeleza tatu. Nisipomfahamu, namtungia. Watu hawakulalamika, na wengine walikuja kwa ajili ya hizo za kutunga.

Siku ya pili ya Idi, mwaka ninaoukusudia, tuliweka picha ya viumbe kutoka angani. Hadithi yenyewe ya kale, imetengenezwa upya. Wazungu wakiipenda hadithi hawaiachi ikapumzika. Maradhi yanashuka na vumbi, mtu anaambukizwa kwa mafua tu, analala, na akiamka sura ni ile ile lakini mwenyewe hayumo. Hakasiriki, hacheki, hana anachokitamani. Tena anakusalimia vizuri sana. Baada ya sala ya alasiri banda lilijaa, wanaume kwenye mabenchi na wanawake nyuma kwenye mikeka, na miongoni mwao alikuwemo mama yangu, ambaye hakuwahi kukanyaga mle hata siku moja. Alikuja kwa sababu mchana, tukila, nilimdokezea habari ya picha hiyo, na nikaona tonge limesimama mkononi mwake.

Nyumbani tulikuwa na kaka yangu, aliyevuka bahari kukimbilia Shimoni mwaka ule wa fujo za uchaguzi na akakaa Kenya miaka kadhaa. Kabla ya kuondoka alikuwa mgomvi wa chakula: mchuzi hauna chumvi, wali una mchanga, samaki huyu kavuliwa lini. Aliyerudi alikula kila alichowekewa na kusema ahsante. Ukimwuliza jambo, ndiyo au la, basi. Mama aliiogopa ile ahsante kuliko matusi. Kaka alisomewa dua, akafukizwa, akapelekwa hospitali akapewa vidonge vya usingizi, na hali ikabaki vile vile. Siku moja jikoni Mama aliniambia kwa sauti ndogo, "Huyu si nliyemzaa. Kaletwa mwengine." Nilikasirika, kisha nikaogopa, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeshafikiri hivyo.

Basi picha ikaenda. Ilipobaki kama robo saa, umeme ukakatika. Siku zile umeme wetu ulikuwa wa majenereta, na ukiondoka hauagi wala hausemi utarudi lini. Watu wakangoja, wakapiga kelele, wakaenda zao. Sidii ya picha ilikuwa ya kuazima, na mwenyewe aliichukua jioni ile ile akarudi nayo Wete.

Njiani Mama akaniuliza, "Wale walogeuzwa, mwisho walirudi?"

"Walirudi."

"Wote?"

"Wote, Mama. Mimi nimeshaiona."

"Walifanywaje?"

Nikazua jibu lililokuwa karibu. Nikasema walizungumzishwa na watu wao, kila siku, hata wasipojibu, mpaka yule wa ndani akachoka kunyamaza. Mama aliitikia kwa kichwa. Niliona haya, lakini tulikuwa tumeshafika nyumbani na sikuirudia tena habari ile.

Msimu wa karafuu ulikuwa umeanza. Kesho yake Mama alimkalisha kaka mkekani, akammwagia rundo mbele yake wachambue pamoja, kazi ambayo wanaume wazima wa mtaani kwetu hawaikalii. Akaanza kuzungumza. Alimpa habari za harusi, za maiti, za kuku wa jirani, na zilipomwishia akamsimulia ile picha kwa namna yake. Katika picha ya Mama viumbe walishuka Gombani, uwanjani, siku ya mechi moja ya zamani, watu wakiwa wamekwenda kutazama mpira. Kaka alichambua tu, karafuu huku, vikonyo kule. Mimi nilipita uani nikijifanya sisikii. Nilijua nimempa mama yangu dawa ya uongo, na msimu ukiisha bila ya kitu, atakayevunjika ni yeye.

Yapata wiki ya sita, viumbe wakishuka kwa mara ya ishirini sijui, kaka alisema bila ya kuinua macho, "Mama, siku hiyo mpira haukuchezwa Gombani. Mvua ilinyesha."

Mama hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua, akasema, "Ah, kweli. Basi walishukia wapi?"

Kaka akafikiri. Nilimwona anafikiri kweli, kisha akamjibu. Wiki mbili baadaye alisema mchuzi hauna chumvi, na Mama akaenda jikoni kulia.

Leo kaka ana mke na watoto na duka la simu. Yeye ndiye aliyeileta ile picha, mwezi uliopita, kwenye flashi, Ijumaa baada ya chakula cha mchana. "Mama hajauona mwisho kwa macho yake," akasema. "Wewe utatafsiri." Kiingereza chake kinanishinda mbali. Nilitafuta udhuru nikaukosa.

Nilipoitazama tena niliona kiroja: haitishi. Ni magari yanayokimbizana na vioo vinavyovunjika. Lakini kila alipotokea mtu mwenye adabu asiye na hamu ya kitu, nilishindwa kumtazama kaka. Robo saa ya mwisho nilitoka jasho mbele ya feni. Wasipopona, nimekwisha; na wakipona kwa njia nyengine, pia nimekwisha.

Wanapona. Kwa sindano. Wanapangwa foleni, mtu anadungwa, analala, anaamka analia. Ningeweza kuzua tena, maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni. Nikasema, "Wanapigwa sindano, Mama. Wanapona."

"Na kuzungumzishwa?"

"Hakuna. Siku ile umeme ulikatika, Mama, sikuuona mwisho. Nilikudanganya."

Kaka hakunisaidia. Kisha Mama akautengeneza ushungi wake, wala hakuonekana kukasirika.

"Ungelinambia sindano," akasema, "mie ngelingoja daktari. Singelizungumza naye."

Machozi ya faraja yakanitoka bila ya kuniuliza. Kaka alikuwa bado anaitazama televisheni, watu wakikumbatiana.

"Nilikuwa nakusikia tangu siku ya mwanzo, Mama," alisema. "Ila kujibu ndiko kulikuwa mbali."

Mama akaushika mkono wake na hakuuachia mpaka picha ikaisha.