Siku Mume Wangu Aliponifundisha Mashine

Mimi na mume wangu tulifanya kazi kiwanda kimoja cha mabati, kwenye barabara ya kwenda Kisongo. Yeye alikuwa fundi wa mashine, mimi napanga mabati yanapotoka na kuyahesabu. Nilihesabu kichwani kwa Kimaa, lugha ya kwetu, halafu nikaandika kwa Kiswahili kwenye daftari. Asubuhi tulitoka Sekei pamoja kwa miguu, yeye hatua mbili mbele, mimi nyuma, na hatukuwa na mengi ya kusema.

Mashine ya zamani ilikuwa ya kusukumwa. Watu wawili waliingiza bati bapa upande huu, wengine wawili wakalipokea upande wa pili likiwa na migongo. Kabla ya kuanza, mume wangu alikaza skrubu za rola kwa spana, akapenyeza kipande cha karatasi ya pakiti ya sigara katikati ya rola, akakivuta. Kikitoka kwa shida kidogo, alisema, "Twende." Kipimo kingine hakuwa nacho. Bati moja lilitoka limenyooka, lingine limekwenda upande, na mafundi wa mapaa walilalamika kwamba hayapandani vizuri. Mashine hiyo ndiyo iliyochukua vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, kabla hatujaoana. Ninasema hili kwa sababu watu wakisimulia mambo ya zamani hupenda kusahau vidole.

Kiwanda kilikuwa cha serikali. Serikali ikaanza kuuza viwanda, na chetu kikapata mwenyewe, ambaye sikumwona zaidi ya mara mbili. Alileta meneja mpya, na meneja akaleta mashine mpya ndani ya makontena. Ilikuwa ndefu, kutoka mlangoni hadi karibu na ukuta wa nyuma. Huku unaweka koili, yaani bati refu lililoviringwa, zito kuliko ng'ombe kumi. Kule linatoka bati limeshakunjwa na kukatwa, kwa urefu wowote unaoutaka. Katikati hakuna mtu. Pembeni kuna kiboksi chenye kioo na vitufe. Unaandika urefu, unaandika idadi, unabonyeza kitufe cha kijani. Inahesabu yenyewe.

Wageni waliokuja kuifunga walitaka mtu wa kuibonyeza, mtu anayesoma tarakimu vizuri na asiyekuwa na mazoea ya mashine ile nyingine. Meneja akaninyooshea kidole. Wiki hiyo hiyo orodha ya waliopunguzwa kazi ilibandikwa mlangoni. Jina la mume wangu lilikuwa la tatu au la nne. Nililisoma, nikarudi kwenye kioo changu. Mara nyingi nimejaribu kukumbuka nilihisi nini. Ninachokumbuka ni kwamba koili lilikuwa linakaribia kwisha na ilibidi nisimamishe mashine.

Nilipofika nyumbani nilimkuta ameketi.

"Nimeiona," nilimwambia.

"Na mimi nimeiona," akasema. Kisha akauliza kama maziwa yameshachemshwa.

Kesho yake nilitoka peke yangu. Yeye alipata kibanda Elerai, akaanza kutengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Alikuwa na nyundo, mkasi wa bati na kipande cha reli cha kukunjia. Siku nzima alitoa masanduku mawili. Mimi, kwa muda wa kunywa chai, nilikuwa nimeshatoa paa la nyumba nzima, na kila bati lililala juu ya mwenzake kama vikombe kabatini. Ukweli ni kwamba yalikuwa mabati bora kuliko yale ya zamani. Na hakuna aliyepoteza kidole.

Ulipita mwaka na zaidi. Siku moja mabati yakaanza kutoka yamepinda. Yalijikunja kidogo tu, kama ubao uliolowa ukakaushwa juani. Nikatazama kioo: urefu sawa, idadi sawa. Nikasimamisha, nikabonyeza tena, yakatoka vile vile. Meneja alipiga simu kwa wale wageni, wakamjibu kwamba kama kioo kinaonyesha sawa basi mashine ni sawa. Wateja wakaanza kurudisha mzigo. Siku ya tatu meneja akanijia.

"Mama, mzee yupo?"

"Yupo."

"Anaweza kuja kutuangalizia?"

"Nitamwambia."

Alikuja amevaa shati la kanisani. Vijana wa kupakia wakamwamkia, "Shikamoo, fundi," akaitikia, "Marahaba," bila kusimama. Hakukitazama kioo. Aliomba kamba ya nailoni, akaifunga mwanzo wa mashine, akaivuta mpaka mwisho, akapiga magoti na kufumba jicho moja.

"Sakafu imetitia," alisema. "Mguu huu umeshuka. Mashine haiwezi kujua, imesimama juu yake."

Vijana waliinua fremu kwa jeki. Akakata vibati vidogo, akavipenyeza chini ya mguu kimoja kimoja, akakaza bolti. Nikabonyeza. Bati likatoka limenyooka, vijana wakapiga makofi. Meneja akamshika mkono kwa furaha.

"Mzee, sasa mwelekeze mama," akasema, "tusije tukakusumbua tena."

Mume wangu alinitazama. Nyumbani tulikuwa tunazungumza Kimaa, tangu siku ya kwanza. Pale alinisemesha kwa Kiswahili, polepole, kama fundi anavyomwelekeza mtu aliyeanza kazi jana.

"Mama, kamba unaifunga hapa."

"Hapa?"

"Juu kidogo. Isilegee. Halafu unapima kutoka kwenye kamba hadi kwenye fremu, mguu kwa mguu. Ukiona tofauti, unaongeza kibati."

"Kila siku?"

"Jumatatu tu inatosha."

Alinishika mkono kwa ule wa kwake wenye vidole vitatu, akausogeza mahali pa fundo. Haikuwa kazi ngumu. Alipoona nimeelewa, alinawa kwa sabuni ya unga, akanywa chai waliyompa, akaondoka. Sikumsindikiza. Kulikuwa na oda ya Monduli inangoja.

Jioni nilimwekea mezani loshoro, mahindi yaliyochanganywa na mtindi, nikamwambia, "Ashe," yaani asante ya kwetu. Akala. Akasema mtindi umechacha vizuri. Nikaondoa vyombo.

Kuanzia hapo kila Jumatatu nilifunga kamba, nikapima miguu yote. Hakuna aliyemwita tena.

Baada ya miaka kadhaa tulijenga kwetu, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Mabati niliyaagiza kiwandani, urefu nikauandika mwenyewe kwenye kioo. Yeye na mdogo wake waliyapigilia kwa siku mbili, mimi nawapandishia misumari. Walipomaliza alishuka ngazi, akarudi nyuma mpaka kwenye migomba, akalitazama paa kwa muda mrefu.

"Yamekaa vizuri," alisema.

"Ndiyo," nikasema.

Nilisimama kando yake kidogo, nikitazama anakotazama. Ng'ombe walikuwa bado hawajanyweshwa, nikaenda kuchukua ndoo.