Pembe ya Kanga

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wenzangu wa darasa hili la watu wazima, habari za mchana. Naomba tutulie kidogo, maana sauti yangu leo ni ndogo, sijalala vizuri siku nyingi. Nimeyaandika haya mwenyewe na nitayasoma mwenyewe, kidole kwenye mstari. Msinicheke.

Nilipokuwa mtoto, kwetu huko juu ya Kikatiti, bibi yangu alivimba miguu. Ilianza vifundoni, ikapanda. Ukimbonyeza, shimo linabaki. Watu wakasema ni ile chemchemi. Bibi alikuwa amekata mkuyu uliosimama pale, apate nguzo za zizi, basi maji yamekasirika, yamemfuata mwilini. Baba mdogo akapeleka jani la isale, lile tunaloombea msamaha, akaliweka kwenye jiwe la chemchemi. Kisha akatoa amri: Bibi asiguse maji mpaka jani likauke. Akinywa, yale ya ndani yatapata nguvu, atakufa.

Mimi nikawekwa mlangoni nilinde. Nilikuwa na miaka minane.

"We mjukuu," Bibi akaniita, "wamekuajiri uaskari wa msitu?"

"Baba mdogo amekataza, Bibi."

"Huyo baba yako mdogo nimemnyonyesha mimi. Ulimi wangu umekuwa gome. Nilowanishie tu."

Nikachovya pembe ya kanga yake kwenye ndoo, nikamwekea mdomoni. Akanyonya kama ndama. Akafumba macho, akasema, "Asante, mama." Kesho yake asubuhi, tukiwa tunakamua ng'ombe, akafa.

Nilikimbia chemchemini. Jani lilikuwa bado bichi.

Sikumwambia mtu. Nimelea watoto, nimechuma kahawa, nimeimba kwaya, na miaka yote hiyo nilijua nani alimuua Bibi.

Sasa ni mama yangu. Ana ugonjwa wa figo, nakaa naye Lemara. Hospitali walimweleza habari za mashine ya kusafisha damu. Akawasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asanteni, wanangu. Mimi nirudisheni kwenye kitanda changu." Nesi anakuja nyumbani, anampa dawa ya maumivu na ya kichefuchefu. Akasema maji tumpe kwa kipimo, figo haziwezi tena kuyatoa. Mimi pale nikasikia sauti ya baba mdogo. Nikawa nampimia kwa kifuniko cha chupa, mkono unatetemeka.

"Unanipimia kama dawa ya ng'ombe," mama akasema. "Hata ng'ombe hubembelezwa."

Alhamisi midomo yake ilipasuka. Aliniita, nikajificha jikoni, mtu mzima mwenye wajukuu. Pale kwenye rafu kulikuwa na karatasi ya nesi. Siku zote alinisomea kijana wangu, haraka haraka, akirukaruka. Nikaishusha, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza herufi kwa herufi. Maji ya chai yalichemka yakaisha. Nikafika hapa: "Mgonjwa akisikia kiu, chovya kitambaa safi kwenye maji, mlowanishe midomo na ulimi. Rudia kila anapohitaji."

Nikarudia mara tatu, labda nimekosea. Nikampigia nesi.

"Hiki kitambaa hakimuui?"

"Hakimuui, mama. Figo zimechoka, siku zake zinaisha, kiwepo kitambaa kisiwepo. Ila kiu inamtesa bure."

Ndipo nikamwambia habari za Bibi, za kanga na ndoo. Mtu wa kwanza kumwambia.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Minane."

"Basi kazi hii umeianza kabla yangu."

Nililia pale jikoni, sufuria imeungua. Kisha nikachukua kitambaa.

Kuhusu chemchemi sina la kusema. Mpaka leo nikipita pale sikati hata kijiti. Lakini nimechoka kuogopa, na mama bado atakufa, hilo halijabadilika. Kilichobadilika ni mkono wangu. Hautetemeki.

Nafunga daftari hapa, saa kumi ndiyo saa yake ya kuamka, na akiamka anatafuta maji kwanza. Hicho kiti cha dirishani msikikalie. Nikishamlowanisha, akisinzia tena, narudi.