Niliweka mota kwenye winchi ya mwanangu wa darasa la pili, nikaumbuka mbele ya wazazi

Habari za mchana wakuu.

Hili limenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa, na sijaliongezea chumvi maana lilivyo linanitosha.

Mimi ni fundi feni na redio hapa Kariakoo. Nina binti mmoja, Rahma, yuko darasa la pili. Nyumbani anaongea mpaka unamwomba apumzike. Shuleni hafungui mdomo.

Mwalimu wake, Madam Neema, alishaniita. "Baba Rahma, sijui kama anaelewa au haelewi, maana hajawahi kunijibu." Akasema ikiendelea hivi itabidi arudie darasa.

Basi wakapewa project. Kila mtoto atengeneze winchi kwa vitu vya nyumbani, inyanyue kilo moja ya mchele, halafu aielezee mbele ya wazazi. Nikajua nafasi ya mwanangu ndiyo hii.

Rahma akaunda yake kwa boksi la viatu, vijiti vya mishikaki na kamba. Tatizo, akitundika mchele, winchi nzima inalala kifudifudi. Kila mara.

Jirani na fremu yangu ya ufundi kuna ghorofa linajengwa, na juu kuna winchi kubwa. Akaniuliza, "Baba, yale mazege ya mkiani mwa winchi ni ya nini?"

Nilikuwa nimeinamia feni ya mteja. Nikamjibu, "Ya kuzuia upepo."

Sijui hata nilitoa wapi. Akaangalia juu, hakuuliza tena.

Sasa wakuu, tuwe wakweli. Fundi gani anamwangalia mwanae akihangaika na boksi wakati ana droo nzima ya mota? Asubuhi ya siku yenyewe, yeye anaoga, mimi nikaiweka ya kwake pembeni, nikatoa niliyounda mimi. Mbao safi, mota ya deki mbovu ya kaseti, betri, swichi nyekundu.

Alipoiona akasema, "Hii siyo yangu." Nikamwambia twende, tunachelewa.

Kule ukumbini shuleni, zamu yake ikafika. Akabonyeza swichi, mchele ukapanda. Makofi! Kuna mama mmoja alisimama kabisa kupiga picha. Nikajiweka sawa kwenye kiti.

"Hongera Rahma," Madam akasema. "Sasa tueleze, inafanyaje kazi?"

Rahma akaangalia viatu vyake.

Madam akarudia kwa upole.

Mara ya tatu, Rahma akanyoosha kidole upande wangu. "Muulizeni baba."

Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nikacheka, huku jasho linanitoka. Ila kicheko siyo kilichoniuma. Yale yalikuwa maneno yake ya kwanza mbele ya wenzake, na mimi ndiye niliyeyaharibu.

Watu walipotawanyika nikamfuata Madam. "Mwalimu, ile nimetengeneza mimi."

"Nimeona," akasema. "Darasa la pili hawachomei waya." Akampa mpaka Jumatatu alete ya kwake. "Na wewe Baba Rahma, usiguse hata gundi."

Jumamosi Rahma akakaa fremuni na boksi lake. Likaanguka, likaanguka tena, mpaka mteja akaniuliza kwa nini simsaidii mtoto. Nikamwambia nimepigwa marufuku. Aisee, ile siku ilikuwa ndefu.

Mchana akaniomba sumaku za spika mbovu, zile nzito. Nilidhani kachoka, anataka kucheza.

Akazifunga nne nyuma ya winchi, mkiani. Akatundika mchele, akaanza kuzungusha kijiti kwa mkono. Mchele ukapanda taratibu na boksi halikuanguka. Hakunitazama mimi, alitoka nje akaenda kuiangalia ile winchi ya ghorofani.

Jumatatu nikaruhusiwa kusimama mlangoni mwa darasa.

"Mchele unaivuta mbele," Rahma akasema. Sauti ndogo, lakini ilisikika. "Sumaku zinaivuta nyuma. Ndiyo maana haianguki. Hata ile kubwa ya Kariakoo ina mazege nyuma."

Akaniona pale mlangoni.

"Baba alisema ni ya kuzuia upepo. Siyo kweli."

Darasa likacheka. Safari hii na yeye akacheka, kisha akaendelea kuongea mpaka Madam akamwomba akae, wenzake nao wapate nafasi.

Nilichojifunza: ukimtengenezea mtoto kila kitu, umemnyang'anya na cha kusema. Na kama hujui, sema hujui.

Ile ya boksi iko juu ya kabati fremuni, ya mota niliibomoa. Wateja wakiuliza inafanyaje kazi, nawaambia wasubiri mwenyewe atoke shule.

Wazazi wenzangu, nani mwingine ameshawahi kumfanyia mwanae project, ajitokeze tusaidiane aibu. Na wahandisi mliomo humu, naomba msinielimishe habari za upepo. Nimeshaelimishwa, tena mbele ya darasa zima.