Dakika Kumi na Tatu Kutoka Tororo

Watu wa sokoni Tororo humwita Okedi "Rubani", ingawa hajawahi kurusha hata kishada. Kazi yake ni kufyeka nyasi za uwanja mdogo wa ndege na kuwafukuza ng'ombe wa majirani ndege inapokaribia kutua. Lakini muulize umbali, atakujibu hujafunga mdomo: Kisumu, kilomita mia na kidogo, nusu saa kwa ndege ndogo. Entebbe, mia mbili na ushei, saa moja kasoro. Soroti, mia na thelathini, dakika thelathini na tano. Akifika kwenye Soroti, sauti hushuka na slasha ya kufyekea husimama.

Umbali huo aliujua kwanza kwa miguu. Alikuwa na miaka saba wezi wa ng'ombe walipoifagia Teso, kwao, upande wa Soroti. Mama yake, Atai, akambeba mgongoni binti yake mchanga, Amulen, akamshika Okedi mkono, wakatembea kuja kwa wajomba Tororo. Walilala njiani mara tisa. Usiku wa sita homa ikamchukua Amulen. Walimzika kando ya kinamasi, chini ya majabali mawili yaliyoegemeana, wakaendelea, maana nyuma hapakuwa na pa kurudi.

Tangu hapo Atai ana neno moja: nilimwacha mtoto mbali. Sasa amekula chumvi nyingi, macho yamefifia, na bado hulisema akipepeta mtama. Okedi alitaka kitu kimoja duniani, kuyaona tena majabali yale na kumwambia mama yake kuwa yapo. Mara mbili aliyatafuta kwa bodaboda akarudi mikono mitupu, kwa kuwa Teso ina majabali mengi kuliko watu wa kuuliza.

Agosti hii ndege ya madaktari ilitua ikiwa na nafasi. Jovan, rubani wa kweli, alimwita.

"Mzee, leo kiti moja iko. Twende Soroti, kesho narudisha wewe."

Okedi hakungoja kubembelezwa.

Juu kule alijiona yumo usingizini. Mashamba yalipita taratibu, ya kijani, bila kelele, na yeye akawa mtoto tena, anatembea chini huko kutwa nzima kuufikia mti ambao ndege iliupita kwa kupepesa macho. Dakika ya kumi na tatu wingu likafunguka. Majabali yalikuwa pale, mawili, yameegemeana, maji yakimeta kando. Okedi alilia bila aibu, na Jovan, kijana mwenye adabu, akajishughulisha na mitambo yake.

Siku ya kurudi akaingiwa na hofu. Atamwambiaje mama? Karibu miaka arobaini ya kulilia umbali, kumbe ni dakika hizo tu! Aliazimia kumdanganya, aseme ni saa nzima. Lakini alipoketi mbele yake, ukweli ulimtoka wenyewe.

"Nimeyaona, mama. Yako palepale. Ni dakika kumi na tatu."

Atai akauliza hizo dakika ni kiasi gani. Okedi akamwambia ni kama kwenda kisimani na kurudi, bila kusimama kupiga soga.

Bibi kizee, ungo mapajani, akauelekeza uso kaskazini. Kisha akatabasamu huku machozi yakimtiririka.

"Basi siku zote hizi," alisema, "mtoto alikuwa ananisikia."