Mfinyanzi Anayepita Mlangoni Kwangu

Jirani yangu Asnakechi anasema watu wa makumbusho ya mji wa Gondar hawajui wanachokitafuta. "Yule mfinyanzi ana jicho, shoga. Akimtazama mtoto, mtoto haoni kesho. Nao wanataka mabirika yake wayapange kwenye kabati la kioo." Alinieleza hayo huku akinimiminia kahawa kutoka kwenye birika la udongo la mfinyanzi huyohuyo. Mimi namtazama mwaka wa tatu sasa. Hana gurudumu la kufinyangia, yeye ndiye anayekizunguka chungu, kinyumenyume, ameinama, kidole gumba kikilainisha ukingo. Kikishachomwa hukigonga kwa ukucha na kutega sikio, na kisicholia vizuri hukivunja mwenyewe. Akipita kwetu huangalia miguu yake tu.

Leo gari la makumbusho lilimsubiri barabarani, maana kichochoroni kwetu haliingii. Akaja na mabirika saba mgongoni, kazi ya miezi miwili, yamefungwa kwa majani makavu. Mwanangu akatambaa hadi katikati ya njia, akamshika gauni, anacheka. Asnakechi akaokota jiwe, akawa analipimapima mkononi. Mfinyanzi akafumba macho, akasimama hivyohivyo na mzigo wake, jasho likimtiririka shingoni.

"Binti yangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "mchukue mtoto, umfunike uso, nipite. Akikohoa tu sasa hivi, mabirika haya hayafiki kwenye gari."